Usafiri wa Kaboni Kidogo si Lazima Uwe Usafiri Safi

Katika mijadala ya kubadili usafiri wa Kisumu na mwambao mzima wa Ziwa Viktoria, istilahi tatu hupokezana kana kwamba ni pacha: usafiri safi, usafiri wa umeme na usafiri wa kaboni kidogo. Mwanahabari huandika ya kwanza, mhandisi hupenda ya pili, mtafsiri wa waraka wa serikali huchagua ya tatu, na msomaji huachwa akidhani ni mamoja. Sikubaliani na mazoea hayo. Kila moja inapima kitu chake, na wataalamu wanaotarajiwa kushirikiana ili tuachane na petroli na dizeli hawataelewana iwapo vipimo vyao tofauti vinaitwa kwa jina moja.

Lita moja ya petroli haifiki kilo moja kwa uzito, lakini ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni iliyomo hushikana na oksijeni ya hewani. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na haimfanyi abiria akohoe pale steji. Kosa lake ni kwamba huzuia joto la dunia lisitoke, popote ilipotolewa. Masizi na gesi zinazochoma koo ni habari nyingine: humdhuru aliye karibu, leo hii. Kwa hiyo usafiri wa kaboni kidogo ni ule ambao safari yake, ukijumlisha na namna nishati yake ilivyopatikana, huongeza hewa ukaa kidogo tu angani. Usafiri safi ni ule usiowachafulia watu wa mtaani hewa wanayovuta. Daktari wa mapafu anahitaji kipimo cha pili; mtaalamu wa tabianchi anahitaji cha kwanza.

Tofauti hii huonekana vizuri kwa wavuvi wa ufukwe wa Dunga, Kisumu. Mashine ya boti yenye injini ya mipigo miwili hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Mchanganyiko mpya unapoingia kwenye silinda, sehemu yake hutoroka na moshi kabla ya kuungua. Oili hiyo ndiyo huupa moshi wake rangi ya samawati, na mafuta yaliyotoroka huacha utando juu ya maji. Mvuvi akibadilisha na kununua ya mipigo minne, moshi ule na utando ule hupungua sana. Atatumia pia petroli pungufu, lakini kila lita anayochoma bado hutoa hewa ukaa. Amepata usafi mkubwa kuliko upunguzaji wa kaboni. Ulaya ilipitia kinyume chake: kwa miaka mingi serikali zilihimiza magari ya dizeli kwa kuwa hutoa hewa ukaa kidogo kwa kilomita, kisha miji ikajikuta imejaa oksidi za nitrojeni, na mwaka 2015 ikafichuka kwamba Volkswagen ilikuwa ikidanganya vipimo vyake. Kaboni ilipungua kwenye karatasi, mapafu yakalipa.

Na umeme je? Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo; mtambo wa maji wa Sondu Miriu, wenye megawati 60, hauko mbali na Kisumu. Kule Mbita, kando ya ziwa, shirika la WeTu limechaji taa za wavuvi wa omena na pikipiki kwa nguvu za jua. Hapa kwetu, basi, pikipiki ya umeme ina kaboni kidogo kweli. Ipeleke nchi inayochoma makaa ya mawe, itakuwa safi barabarani huku moshi wake ukitokea kituo cha umeme. Tena neno umeme humsahau anayetembea. Mpango wa usafiri endelevu wa Kisumu wa mwaka 2020, ulioandaliwa kwa ushirikiano wa kaunti, UN-Habitat na shirika la usafiri la ITDP, uliwapa uzito watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, na hao hawana betri ya kuchaji. Istilahi ya kaboni kidogo inawakumbatia.

Maana hiyo pana ndiyo inayotuambia nani aitwe mezani. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, nafuu zaidi saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo. Mhandisi wa gridi anajua kwa nini. Lakini anayejua betri itafika wapi ikipanda kilima cha Riat kuelekea Kiboswa, na abiria wawili na gunia, ni mwanaboda. Fundi wa jua kali anajua kipi huvunjika kwanza. Nawahesabu wote hawa kuwa wataalamu, na ushirikiano usiowaita una pengo ambalo hesabu nzuri haiwezi kuliziba.

Wapo watakaosema kaboni ni neno geni, tuache safi kwa kuwa kila mtu analielewa. Lakini boda boda lenyewe lilitoka mpakani Busia likiwa Kiingereza, na leo hakuna anayeliona geni. Neno hueleweka likitumiwa kwa kitu kinachojulikana. Pingamizi nzito zaidi ni hii: Kenya huchangia sehemu ndogo mno ya hewa ukaa ya dunia, kwa nini mwanaboda abebeshwe hesabu ya wengine? Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuziweka istilahi mbili bega kwa bega. Anayemwambia mwanaboda abadilishe chombo kwa ajili ya kaboni pekee anamtwika mzigo wa mataifa tajiri. Anayemwonyesha pia masizi ya soko la Kibuye, na bei ya petroli inayoagizwa ng'ambo na kusukumwa kwa bomba kutoka Mombasa hadi Kisumu, anazungumzia afya yake na mfuko wake. Kila mradi wa usafiri unaoletwa kwenye kaunti ungepaswa kutaja namba zote mbili, ya hewa ukaa na ya masizi, kabla ya kuomba hata shilingi moja.