Albamu ya Kwanza ya The Clash (1977): Siasa, Rangi na Soko katika Muziki wa Panki nchini Uingereza

Utangulizi

Tarehe 8 Aprili 1977 kampuni ya rekodi ya CBS ilitoa nchini Uingereza albamu ya kwanza ya bendi ya The Clash, iliyopewa jina la bendi yenyewe. Albamu hiyo ina nyimbo 14 na urefu wa takribani dakika 35 tu. Ilirekodiwa jijini London mwezi Februari mwaka huo kwa gharama ya takribani pauni 4,000, chini ya usimamizi wa Mickey Foote, ambaye alikuwa fundi mitambo wa bendi katika maonesho ya jukwaani. Licha ya udogo huo wa bajeti, ilifika nafasi ya 12 katika orodha ya albamu zilizouzwa zaidi nchini humo. Wanahistoria wengi wa muziki huitaja kuwa kielelezo cha panki ya kisiasa. Makala haya yanatetea hoja kwamba nguvu ya kihistoria ya albamu hiyo haikutokana na uthabiti wa msimamo wake wa kisiasa. Ilitokana na namna ilivyoweka hadharani mikinzano ya wakati wake: kati ya vijana weupe na weusi, na kati ya uasi na soko.

Usuli wa Kihistoria

Panki ilizuka katika kipindi kigumu cha uchumi wa Uingereza. Idadi ya watu wasio na ajira ilikuwa imevuka milioni moja, na mwaka 1976 serikali ya chama cha Labour ililazimika kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ikakubali masharti ya kupunguza matumizi ya umma. Vijana waliomaliza shule katika miaka hiyo walikabiliwa na uchaguzi kati ya kukaa bila kazi na kufanya kazi zisizo na matumaini ya kupanda cheo. Aidha, chama cha National Front, kilichohubiri chuki dhidi ya wahamiaji, kilikuwa kikipata wafuasi mijini. Katika uchaguzi wa halmashauri ya London wa Mei 1977 kilipata zaidi ya kura 100,000.

Kwa vijana weusi hali ilikuwa nzito zaidi. Polisi walitumia sheria ya uzururaji ya mwaka 1824 kuwasimamisha na kuwakamata kwa kushukiwa tu, bila ya kosa lolote kuthibitishwa. Agosti 1976, katika tamasha la kila mwaka la Wakaribi mtaani Notting Hill, uhusiano huo mbovu ulilipuka. Polisi walikuwa wamemiminwa kwa wingi, na mapambano yaliyofuata yalijeruhi zaidi ya askari 100. Joe Strummer, mwimbaji wa The Clash, na Paul Simonon, mpiga besi, walikuwapo siku hiyo. Tukio hilo ndilo lililozaa wimbo "White Riot", na picha ya askari wakishambulia mtaani Notting Hill, iliyopigwa na Rocco Macauley, iliwekwa kwenye jalada la nyuma la albamu.

Maisha ya Mtaani kama Maudhui ya Siasa

Siasa ya albamu hii haikuletwa kwa lugha ya ilani ya chama. Wimbo "Career Opportunities" unaorodhesha kwa kejeli kazi duni ambazo kijana aliyeshindwa shule hupewa. "48 Hours" unahusu mfanyakazi anayeikimbilia wikiendi kana kwamba ndiyo uhai wake wote. "London's Burning" unalionesha jiji lililozama katika uchovu, watu wamejifungia mbele ya televisheni huku magari yakipita kwenye barabara ya juu. Barabara hiyo, Westway, ilikatiza karibu na jengo refu ambamo Mick Jones, mpiga gitaa, aliishi na bibi yake. Kwa hiyo, mandhari ya nyimbo hizi yalitokana na dirisha halisi.

Ikumbukwe kwamba si wanabendi wote waliotoka katika umaskini. Strummer, ambaye jina lake halisi lilikuwa John Mellor, alizaliwa Ankara mwaka 1952, mwana wa mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, akasoma shule ya bweni. Baadhi ya wakosoaji walimwona mnafiki kwa sababu hiyo. Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi kuibatilisha kazi yenyewe. Thamani ya ushahidi wa nyimbo hizi inapimwa kwa ukweli wa hali wanazozieleza, na vijana wengi walijitambua humo.

Rangi, Rege na Hatari ya Kutoeleweka

"White Riot" ndio wimbo uliozua utata mkubwa. Maudhui yake yanawasifu weusi wa Notting Hill kwa kuthubutu kupambana na dhuluma, na kuwasuta vijana weupe kwa utiifu wao. Lakini anwani yake, ikisikika bila maneno mengine, iliweza kudhaniwa kuwa mwito wa Wazungu dhidi ya weusi. Katika nchi ambamo National Front ilikuwa ikitafuta vijana mitaani, kosa hilo la kusikia halikuwa jambo dogo.

Jibu linapatikana ndani ya albamu yenyewe. Wimbo mrefu kuliko zote, wenye takribani dakika sita, ni "Police and Thieves", uliotungwa na Wajamaika Junior Murvin na Lee Perry na kutolewa mwaka 1976. The Clash hawakujaribu kuiga ulaini wa sauti ya Murvin. Waliujenga upya kwa magitaa makali, lakini wakaacha nafasi za ukimya ambazo rege inazihitaji. Hatua hiyo ilikuwa na msingi: Don Letts, kijana mwenye asili ya Jamaika, alikuwa akipiga rege katika klabu ya Roxy, kwa kuwa rekodi za panki zilikuwa bado chache. Mwaka huohuo Bob Marley aliitaja The Clash katika wimbo wake "Punky Reggae Party", naye Perry mwenyewe akasimamia kurekodiwa kwa wimbo wao uliofuata, "Complete Control".

Mkataba na CBS

Januari 1977 bendi ilitia saini mkataba na CBS wenye malipo ya awali ya pauni 100,000. Mark Perry, mhariri wa jarida dogo la panki la Sniffin' Glue, alitangaza kuwa panki ilikufa siku hiyo. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bendi ilitaka kusikika nchi nzima, na njia ya kusikika ilimilikiwa na makampuni makubwa. Gharama ya kuinama ilionekana upesi. CBS ilitoa "Remote Control" kama wimbo wa pekee bila ridhaa ya bendi, na "Complete Control" ukawa jibu lao la hasira. Kinaya ni kwamba jibu hilo nalo lilitolewa na kuuzwa na CBS.

Nchini Marekani kampuni ilikataa kuitoa albamu hiyo, ikidai kuwa haifai kwa redio. Wanunuzi waliagiza nakala kutoka Uingereza, zaidi ya 100,000, hadi toleo la Marekani lilipotoka mwaka 1979, nyimbo nne zikiwa zimeondolewa na nyingine kuwekwa badala yake.

Athari

Tarehe 30 Aprili 1978 The Clash walipiga katika bustani ya Victoria Park, London, mbele ya makumi ya maelfu ya watu, katika tamasha la vuguvugu la Rock Against Racism. Bendi ya rege ya Steel Pulse ilikuwa jukwaani siku hiyohiyo. Billy Bragg, aliyekuja kuwa mwimbaji maarufu wa mrengo wa kushoto, alikuwa miongoni mwa wahudhuriaji, na ameeleza kuwa siku hiyo ilimfungua kisiasa. Mjini Belfast, bendi ya Stiff Little Fingers ilijifunza kwa The Clash kuandika kuhusu mtaa wake yenyewe. Albamu yao ya kwanza, Inflammable Material ya mwaka 1979, ilizungumzia vita vya Ireland ya Kaskazini na ilijumuisha wimbo wa Marley.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba albamu ya The Clash haikuwa na mpango wa kisiasa uliokamilika, na kwamba iliuzwa na kampuni ileile ambayo bendi iliilaumu. Mikinzano hiyo haikuondoa thamani yake. Iliwapa vijana weupe njia ya kuitazama dhuluma iliyowapata majirani zao weusi kama jambo linalowahusu, wakati ambapo National Front ilikuwa ikiwafundisha kinyume.