Fari za gari kugeuka manjano: namna filimu inazilinda na namna ya kuibandika

Kila anayetembea usiku kwenye njia zetu anajua hii hali. Gari inakuja, taa zake zinawaka, lakini mwanga ni hafifu, wa manjano, kama taa ya petroli. Shofere anaona mashimo akiwa tayari ndani yake. Anayesukuma chukudu pembeni ya barabara anaonekana dakika ya mwisho. Mara mingi watu wanafikiri balbu imechoka, wananunua ingine, na usiku unaofuata hali iko vilevile. Shida haiko kwenye balbu. Iko kwenye kile kioo cha mbele ya fari, ambacho kwa kweli si kioo: ni plastiki.

Makala hii inaeleza kwa nini hiyo plastiki inaharibika, filimu ya kuilinda ni kitu gani, namna ya kuibandika vizuri, na mambo ambayo filimu haiwezi kutengeneza.

Kwa nini plastiki inageuka manjano

Zamani fari zilikuwa na kioo cha kweli. Land Rover za zamani na malori mengi ya zamani bado ziko nacho. Kioo kinaweza kupasuka kwa jiwe, lakini hakigeuki manjano. Kuanzia miaka ya 1980, viwanda vya magari vilianza kutumia plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti, iliyovumbuliwa mwaka 1953 huko Ujerumani na Marekani. Ni nyepesi, haipasuki upesi, na inaweza kupewa umbo lolote. Leo karibu kila gari ndogo inayoingia huku kwetu iko na fari za polikaboneti.

Adui yake ni jua. Ndani ya mwanga wa jua kuna miale ambayo macho hayaoni, ile inayounguza ngozi. Miale hiyo inavunja plastiki polepole upande wa nje, na plastiki iliyovunjika inachukua rangi ya manjano. Kiwanda kinajua hilo, ndiyo sababu kinapaka juu ya fari safu nyembamba ya ulinzi. Lakini safu hiyo haidumu milele. Inaliwa na jua, vumbi, mchanga na kusuguliwa kila siku. Ikimalizika, plastiki inabaki uchi.

Huku mashariki mwa Kongo jua linafanya kazi yake kwa nguvu zaidi. Tuko karibu na ikweta, ambayo inapita katikati ya Butembo na Lubero. Tena tuko juu: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, na kila unapopanda mita 1000 miale hiyo inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Ongeza vumbi jeusi la volkeno kule Goma, ambalo linakwaruza kama msasa, na vumbi jekundu la barabara za Ituri na Kivu. Ongeza pia kwamba magari mengi yanafika hapa yakiwa yametumika miaka mingi kule Japani. Safu ya kiwanda inafika ikiwa tayari imechoka.

Hasara si ndogo. Mwaka 2018, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima fari zilizofifia. Zilitoa asilimia 22 hivi tu ya mwanga wa fari mpya. Ni kama mtu anayebeba tochi tano lakini anawasha moja. Na mwanga unaobaki hauendi njiani: plastiki yenye ukungu inautawanya kila upande, kwa hiyo shofere haoni mbele, na yule anayekuja anapigwa nao machoni.

Filimu ni kitu gani

Filimu ya kulinda fari ni ngozi ya plastiki isiyo na rangi, iliyo na gundi upande mmoja. Iliyo nzuri inatengenezwa kwa poliyuretani. Ni laini, inavutika kama mpira, na unene wake ni kati ya milimita 0,15 na 0,2 hivi. Mwanzo wake ni wa kijeshi: wakati wa vita ya Vietnam, jeshi la Marekani lilitumia filimu ya namna hii kulinda mapanga ya helikopta.

Inafanya kazi mbili. Ya kwanza, inazuia miale mibaya ya jua isifike kwenye plastiki, kwa sababu ndani yake kuna dawa inayomeza miale hiyo. Ya pili, inapokea mawe madogo na mchanga badala ya fari. Filimu ndiyo inachakaa, fari inabaki nzima. Kisha miaka kadhaa filimu inatolewa na kubadilishwa.

Jambo moja lieleweke: filimu inalinda, haiponyi. Ukiibandika juu ya fari iliyokwisha kugeuka manjano, manjano yanabaki chini yake. Fari inasafishwa kwanza.

Pima kwanza kabla ya kutoa pesa

Mwaga maji safi juu ya fari na uangalie. Kama fari inang'aa ikiwa na maji, na kurudia ukungu ikikauka, uharibifu uko nje, inaweza kusafishwa. Kama hata na maji bado ni chafu, basi shida iko ndani, au plastiki imepasuka pasuka kwa undani.

Angalia pia kama kuna matone ya maji au mvuke ndani ya fari. Hapo ni gundi ya pembeni au mpira wa nyuma umeharibika. Filimu haiwezi kusaidia. Itengenezwe kwanza, la sivyo maji yataua kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga.

Kusafisha fari

Osha fari kwa maji na sabuni. Bandika skochi pembeni, juu ya rangi ya gari, ili msasa usiikwaruze. Kisha sugua kwa msasa wa maji, kwanza namba 800 au 1000, halafu 1500, halafu 2000, na kama upo 3000. Kila mara maji yawe mengi. Mwanzoni maji yanayotoka yatakuwa ya manjano. Ndiyo ile plastiki iliyokufa inatoka. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 800 haitolewi na 2000. Mwishoni fari itakuwa nyeupe yenye ukungu sawasawa. Ipake dawa ya kung'arisha rangi ya gari na uisugue kwa kitambaa laini mpaka iwe wazi.

Kwenye vipimo vya AAA, kusafisha namna hii kulirudisha mwanga mpaka karibu asilimia 70 ya fari mpya. Si yote, lakini ni mara tatu ya ule uliokuwepo.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Fari imeng'aa, mwenye gari anafurahi, analipa, anaenda. Lakini msasa umetoa pia kile kilichobaki cha safu ya kiwanda. Bila ulinzi mpya, manjano yanarudi kisha miezi tu, na upesi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo filimu ibandikwe siku ileile.

Kubandika filimu, hatua kwa hatua

Fanyia kazi kivulini, mahali pasipo na upepo wa vumbi, na fari isiwe ya moto.

1. Pangusa fari kwa alkoli na kitambaa kisichoacha nyuzi. Mafuta ya vidole tu yanatosha kuharibu gundi.

2. Kata filimu ikiwa kubwa kuliko fari, izidi sentimita 3 au 4 kila upande.

3. Tayarisha chupa ya kupulizia yenye maji safi na matone machache ya shampuu ya watoto. Maji ya chupa au yaliyochemshwa na kuchujwa ni bora, maana punje moja ya mchanga itaonekana siku zote.

4. Lowesha fari. Toa karatasi ya nyuma ya filimu ukiwa unapulizia maji upande wa gundi. Lowesha vidole pia. Maji yanafanya filimu iteleze ili uweze kuipanga.

5. Iweke juu ya fari. Anzia katikati na usukume maji kuelekea pembeni kwa kipande cha plastiki laini. Hata kadi ya zamani iliyofungwa kitambaa inafaa.

6. Penye kona, pasha filimu moto kidogo kwa seshwari ya saluni na uivute polepole. Usiivute kwa nguvu: itarudi nyuma na kubanduka. Moto usizidi, plastiki ya fari nayo inaungua.

7. Kata kilichozidi kwa wembe mpya, mkono mwepesi, ukifuata ukingo. Wembe usiguse rangi ya gari, wala usikate plastiki ya fari.

8. Pitisha moto kidogo pembeni kote na ubonyeze kwa kidole.

Malengelenge madogo ya maji yasikutishe. Yanakauka yenyewe kwa siku chache. Yale ya hewa hayatoki yenyewe. Lazima uinue filimu, upulizie maji na usukume upya. Usioshe gari kwa siku mbili, na kwa wiki moja usiipeleke kwenye mashine ya maji ya nguvu. Hata baadaye, maji ya nguvu yasielekezwe kwenye ukingo wa filimu.

Siku ya kuibadilisha, ipashe moto na uivute polepole, ikiwa imelala karibu na fari. Gundi inayobaki inatolewa kwa alkoli. Kamwe si kwa petroli.

Dawa za mtaani

Dawa ya meno inasugua kidogo, ndiyo maana fari inang'aa. Lakini haifiki chini na haiachi ulinzi wowote. Kisha wiki chache mambo yanarudi palepale.

Dawa ya kufukuza mbu ya kupaka mwilini inaonekana kufanya muujiza. Sababu ni kwamba dawa nyingi za aina hiyo zinayeyusha uso wa plastiki. Manjano yanatoka, lakini fari inabaki dhaifu na inaharibika zaidi. Petroli na mafuta ya breki ni mabaya zaidi, yanaleta nyufa ndogo ndogo ambazo msasa hauwezi kutoa.

Kuna pia mafundi wanaotumia kikombe cha moto chenye dawa inayotoa mvuke. Mvuke unayeyusha uso wa fari na kuufanya laini. Kazi inapendeza, lakini dawa hizo mara mingi ziko na klorofomu au kemikali ya ukoo wake, ambayo ni sumu kwa maini na inalewesha kichwa. Kijana anayefanya kazi hiyo kila siku ndani ya garaje iliyofungwa, bila maski, anauza afya yake. Verni ya kupuliza, ile inayochanganywa na dawa ya kugandisha, nayo inalinda fari vizuri, lakini inadhuru mapafu. Ifanyiwe nje, na maski ya kweli, si kitambaa.

Filimu za uongo na filimu nyeusi

Si kila plastiki ya kung'aa ni filimu ya fari. Zingine ni za bei nafuu, za vinili, ambazo zinakauka, zinakuwa ngumu na kugeuka manjano zenyewe. Jaribu kipande kidogo: kivute taratibu kisha uachilie. Ya poliyuretani inavutika na kurudi karibu na umbo lake. Inayobaki imerefuka, au inayokunjika na kuacha alama nyeupe, iache dukani.

Vijana wengi wanapenda filimu nyeusi au ya rangi juu ya fari. Inapendeza mchana. Usiku inameza mwanga, na shofere anarudi kwenye shida ileile aliyotaka kuikimbia, safari hii kwa kulipa.

Fari za Japani kwenye njia za Kongo

Kuna jambo moja ambalo filimu haligusi. Japani wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo fari zao za chini zimetengenezwa kuinua mwanga kidogo upande wa kushoto, pembeni ya njia, ambako watu wanatembea. Kongo tunaendesha kuume. Mwanga uleule unaenda machoni mwa yule anayekuja mbele, na pembeni ya kuume, waliko watembea kwa miguu, kunabaki giza. Fari ikisafishwa, shida hiyo inaonekana zaidi, kwa sababu mwanga umekuwa na nguvu.

Kisha kazi ya filimu, simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, uwashe fari za chini. Mpaka wa juu wa mwanga uwe umeshuka sentimita 10 hivi chini ya urefu wa fari zenyewe. Kama uko juu zaidi, fundi azungushe skrubu iliyo nyuma ya fari. Hiyo inapunguza madhara, haiyamalizi. Dawa kamili ni kubadilisha fari na kuweka zile za nchi zinazoendesha kuume. Kwa mifano mingi ya gari zinapatikana, maana Dubai nao wanaendesha kuume. Anayelazimika kununua fari mpya aulize hilo kwanza, kabla ya kuuliza bei.

Na siku fari mpya inapowekwa, ndiyo siku nzuri ya kubandika filimu. Plastiki bado ni safi, safu ya kiwanda bado ni nzima, hakuna cha kusugua. Anayesubiri manjano yaanze atalipa mara mbili: kusafisha, kisha kulinda. Katikati ya hizo mara mbili kuna usiku mwingi wa kuendesha bila kuona vizuri.