Mshtuko wa Gia Unakotoka

Gari la zamani la otomatiki likianza kupiga gia, yaani kila gia inapoingia gari zima linashtuka, jibu la mafundi wengi ni lilelile: giaboksi imekwisha, ishushwe. Mimi napinga, na hoja zangu nazitoa kwenye historia. Tangu giaboksi hizi zianze kutengenezwa, kazi kubwa imekuwa kuijulisha giaboksi injini inabeba mzigo kiasi gani, ili gia ishike kwa nguvu inayostahili. Ukijua gari lako linapelekaje habari hiyo, umeshajua pa kuanzia.

Ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors, iliyoingia kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Aliyeongoza kazi hiyo ni mhandisi Earl Thompson, yuleyule ambaye sinkromeshi yake, ya kulainisha gia za manyuali, iliingia kwenye Cadillac mwaka 1928. Hydra-Matic ilikuwa na gia nne za mbele na haikuwa na pedali ya klachi. Ndani yake presha mbili za mafuta zilishindana: moja ilipanda kadiri gari lilivyokimbia, nyingine kadiri dereva alivyokanyaga. Ya mwendo ikishinda, gia inapanda. Habari ya mguu wa dereva ilifikishwa na fimbo za chuma kutoka kwenye kabureta, na zikirekebishwa vibaya, gia huwahi au huchelewa na kugonga. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ndiko kulikosumbua zaidi, kwa sababu seti ya mbele ya gia hurudi kwenye mwendo mzito wakati uleule seti ya nyuma inapoachia mwendo mzito. Zikipishana kidogo tu, abiria wanajua. Fundi mzuri wa enzi hizo alianza na fimbo na bendi, yaani mikanda inayobana gia ndani.

Turbo Hydra-Matic 400 ilipotoka mwaka 1964, habari ya mzigo ililetwa na vakyumu ya injini, yaani nguvu yake ya kunyonya hewa. Injini ikiwa na mzigo mwepesi, vakyumu ni kubwa na gia hushika taratibu. Ukikanyaga, vakyumu inashuka, presha ya mafuta inapanda, gia inashika kwa nguvu. Kinachopokea habari hiyo ni kikopo kidogo chenye utando wa mpira, kilichobanwa kwa bolti moja tu ubavuni mwa giaboksi. Utando ukipasuka, gia zinagonga, na injini inanyonya mafuta ya giaboksi na kutoa moshi mweupe. Chomoa mpira wa vakyumu. Ukikuta mafuta mekundu ndani yake, badilisha kikopo, giaboksi iache ilipo.

Mercedes-Benz ilianza kuweka otomatiki ya kwake mwenyewe mwaka 1961. Kwenye W123 za dizeli, zilizoanza kutoka 1976, vakyumu haipatikani kwa njia ya injini ya petroli, hivyo injini imefungiwa pampu yake. Pampu hiyo moja inasaidia breki, inazima injini, inafunga milango na inatuliza gia. Ndiyo maana mzee mmoja aliponiletea 300D yake ya aina hiyo, akiwa ameshaambiwa atafute giaboksi nyingine, sikugusa spana kwanza.

"Shikamoo, mzee. Ukizima kwa ufunguo, injini inazima papo hapo?"

"Marahaba, fundi. Haizimi. Nafungua boneti nabonyeza palipoandikwa STOP."

"Na ukifunga mlango wako, ile mingine inajifunga?"

"Siku hizi nazunguka mmoja mmoja."

Nikaitenga laini ya milango kwa kizibo, tukaingia barabarani. Injini ilitii ufunguo, na gia zikaingia kwa upole. Hewa ilikuwa inapenya mlangoni, kwenye kiungio cha mpira kilichokauka na kupasuka, na giaboksi ikawa inapokea habari ya uongo kwamba injini imeelemewa.

Zipo giaboksi zilizokwisha kweli. Mafuta yakipimwa gari likiwa limepata moto, injini inaunguruma na gia iko kwenye P, halafu yakatoka meusi yenye harufu ya kuungua, hapo ishushwe bila ubishi. Lakini kipimo hicho ndicho cha kwanza, kisha fimbo na kebo, kisha vakyumu.

Mercedes ilipoleta giaboksi ya kuendeshwa kwa kompyuta mwaka 1996, kizazi kipya cha mafundi kilizoea kuchomeka mashine na kusoma kosa. Magari haya ya zamani hayana pa kuchomeka. Naumia ninapoona otomatiki nzima imeng'olewa na kuwekewa ya manyuali kwa sababu ya mpira wa bei ya chakula cha mchana. Vijana wanaojifunza kwangu nawataka wajue kwanza giaboksi iliyo mbele yao ni ya mwaka gani na inapata habari kwa njia gani, ndipo niwaruhusu kuifungua.