Kivuli na Mpindo wa Eksirei

Tarehe 22 Desemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aliupiga picha mkono wa mkewe kwa mionzi aliyoivumbua mwezi uliotangulia. Mifupa na pete vilionekana dhahiri. Nyama ilikuwa kama ukungu. Mfupa huizuia mionzi, nyama huiacha ipite, na picha ya namna ile ni kivuli tu. Röntgen alijaribu pia kuipinda mionzi hiyo kwa prizimu za aluminiamu na za mpira mgumu, asipate mpindo wa kutegemewa.

Mpindo ulikuwapo, ila ni mdogo mno. Mawimbi yapitayo katika nyama hutoka hayalingani tena na yaliyopita kando yake, na katika nyama laini tofauti hiyo yaweza kuzidi ile ya kivuli kwa mara elfu. Shida ilikuwa kuifanya ionekane, kwa maana filamu hupima nguvu ya mionzi tu.

Mwaka 1965 Ulrich Bonse na Michael Hart walichonga fuwele moja ya silikoni ikawa na kuta tatu, zilizoigawa mionzi njia mbili kisha zikaikutanisha. Kwa chombo cha jamii hiyo, Atsushi Momose na wenziwe wa Japani walionyesha mwaka 1996 saratani katika ini la sungura, bila kulitia rangi. Njia hii ina hisi kali kabisa, lakini ni dhaifu: fuwele ikitikisika kwa kiasi kisichofika upana wa atomi, picha huharibika.

Huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1995, Anatoly Snigirev na wenziwe hawakuhitaji chombo cha kuigawa mionzi. Waliiweka filamu mbali na kitu kinachopigwa picha, na mipaka yake ikajichora yenyewe. Urahisi huo ulikuwa na gharama yake, kwani mionzi ilitoka katika sinkrotroni yenye mzingo wa mita 844, na mgonjwa hapelekwi Grenoble kila akohoapo.

Ndipo mwaka 2006 Franz Pfeiffer na wenziwe, huko Uswisi, walipotumia bomba la kawaida la eksirei pamoja na vibao vitatu vyenye mistari myembamba kama meno ya kitana. Hisi ya vibao haifikii ile ya fuwele. Hata hivyo ndivyo vilivyofika hospitali. Mwaka 2021 watafiti wa Munich walitangaza picha za vifua vya wagonjwa, zilizopimwa kwa jinsi vifuko vya hewa vya mapafu vinavyoitawanya mionzi. Penye vifuko vilivyoharibika, alama hiyo ilififia.