Kusinzia kwa diski kuu

Kusinzia kwa diski kuu ni hali ya diski ya kompyuta mpakato kusimamisha sahani zake kila inapokaa bila kazi, kisha kuamka kwa mlio huku mtumiaji akisubiri sekunde kadhaa. Nia ni njema: kuokoa betri.

Udhia huanza usingizi unapozidi. Mwaka 2007 watumiaji wa Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, walilalamikia vichwa vya kusomea vilivyoondolewa juu ya sahani na kuegeshwa mfululizo, ilhali diski nyingi za inchi 2.5 hukadiriwa kuhimili maegesho 600,000. Kwa maegesho mawili kila dakika, mashine isiyozimwa huyamaliza kwa takriban siku 208.

Uchunguzi huanzia kwenye takwimu za SMART, mfumo wa diski wa kujichunguza. Kipengele cha 193 huhesabu maegesho. Cha 4, kuwaka na kusimama kwa mota. Katika Linux, amri ya hdparm -B hupanga kiwango cha kuokoa umeme: 1 hadi 127 huruhusu diski kusimama, 128 hadi 254 hukataza. Baadhi ya diski, kwa ukaidi, hurudia kiwango cha awali kompyuta ikitoka usingizini, hivyo amri lazima irudiwe.

Windows ina kipengele chake cha kusinzisha diski katika mipangilio ya umeme.

Lakini diski ikizimika katikati ya kazi, huo si usingizi: mtuhumiwa ni kiunganishi, umeme au diski yenyewe, na kunakili mafaili hutangulia matengenezo yoyote.