Kiwango cha Kuyeyuka: Namba Moja Isiyotosha

Kiwango cha kuyeyuka ni halijoto ambayo kitu yabisi na kiowevu chake huweza kukaa pamoja, katika shinikizo la kawaida la hewa, bila kimoja kukimaliza kingine. Barafu safi hufika hapo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, risasi kwenye nyuzi 327, chuma safi kwenye nyuzi 1,538. Majedwali ya kemia hutoa namba moja kwa kila kitu, kana kwamba vitu vyote huyeyuka kwa adabu. Oksidi nyingi za metali hazina adabu hiyo.

Tatizo la kwanza limo katika kitenzi chenyewe. Samli huyeyuka sufuriani na sukari huyeyuka katika chai. Ndivyo tusemavyo sote. Lakini samli imeshindwa na joto peke yake, ilhali sukari imetawanywa na maji. Ndiyo maana waandishi wa sayansi huliita tendo la sukari kumumunyuka, na matokeo yake mmumunyo, wakaliacha neno kuyeyuka kwa ajili ya joto. Msomaji anayeona huu ni ukaidi wa wanaistilahi aitazame sufuria ya alumini. Alumina, yaani oksidi ya alumini, huyeyuka kwenye takriban nyuzi 2,070, joto ambalo ni ghali mno kwa kiwanda. Mwaka 1886, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba alumina humumunyuka katika madini ya kriolaiti yaliyoyeyuka, na kwamba umeme ukipitishwa humo alumini hujitenga. Tanuri zao hufanya kazi kwenye karibu nyuzi 960. Kriolaiti imeyeyuka, alumina imemumunyuka. Anayetumia kitenzi kimoja kwa yote mawili amelificha jambo lenyewe walilogundua.

Tatizo la pili tulione Kulesa, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, upande wa Garsen. Mto huo hushusha udongo kutoka nyanda za Mlima Kenya na Aberdare, na wekundu wa udongo huo hutokana na oksidi za chuma, jamaa za kutu. Tuseme tumechukua bonge la udongo wa mfinyanzi wa ukingoni, tukaliingiza katika tanuri la maabara na kupandisha joto polepole. Kwanza litatoa maji, kisha chembe zake zitashikana na bonge litakuwa gumu kama tofali. Joto likizidi, oksidi za chuma na chumvichumvi nyingine zitaisaidia silika kulegea, na bonge litaanza kuinama kabla halijawa kiowevu. Hakuna nyuzi moja ya kunyooshea kidole. Hapa istilahi ifaayo ni masafa ya kuyeyuka, na hatua ya kuinama iitwe kulainika. Wafinyanzi wa viwandani hupima hatua hiyo kwa pia ndogo za udongo uliochanganywa kwa vipimo maalumu, mbinu iliyoenezwa na Mjerumani Hermann Seger mwaka huohuo wa 1886: pia ikiinama, tanuri limefika.

Je, tukiitenga oksidi ya chuma na udongo wote, tutapata namba moja? Kijibomba cha kioo cha maabara ya shule hakifai, kwa kuwa kioo chenyewe kitalainika mapema. Tutahitaji chombo cha alumina na kipimajoto cha nyaya za platini na rodi. Oksidi nyekundu ikichomwa hewani, inapokaribia nyuzi 1,400 huanza kupoteza oksijeni na kugeuka magnetiti, oksidi nyeusi inayovutwa na sumaku. Kiowevu kitakachoonekana baadaye, karibu na nyuzi 1,600, ni cha magnetiti. Mwenye kuandika kwamba oksidi nyekundu imeyeyuka kwa joto hilo ametaja kampaundi isiyokuwamo tena chomboni. Tendo lililotangulia ni kuchanganuka, nalo hutegemea gesi iliyomo tanurini, kwa hiyo gesi hiyo nayo lazima iandikwe.

Wachomaji chokaa wa pwani yetu walishalitenga tendo hilo zamani. Matumbawe yakipata joto la kama nyuzi 900 katika tanuu, hutoa kaboni dioksidi na kubaki oksidi ya kalisi, ambayo yenyewe haiyeyuki hadi zaidi ya nyuzi 2,500. Nao husema wanachoma chokaa. Hakuna asemaye anaiyeyusha.

Basi mwalimu au mtafiti anayeripoti jaribio la oksidi kwa Kiswahili aanze kwa kuchagua kitenzi: imeyeyuka, imemumunyuka, imelainika au imechanganuka? Kisha ataje usafi wa sampuli, chombo na gesi. Halijoto iandikwe baada ya hayo, na pale ambapo ni masafa, ziandikwe namba mbili.