Kijana Asome Nini, Mkubwa Asome Nini? Riwaya Zetu na Zama Zilizozizaa

"Nitajie riwaya nzuri ya Kiswahili nisome." Mpenzi wa vitabu yeyote ameshaulizwa hivi, na wengi wetu hujibu kwa kutaja majina mawili matatu yaliyobaki kichwani tangu shule. Hapo ndipo penye shida. Tunachokumbuka ni kile tulichotahiniwa, kisha tunadhani ndiyo fasihi yenyewe yote.

Riwaya ya Kiswahili ina aina nyingi, na kila aina ilizaliwa kwa sababu yake. Ukiijua sababu, unajua na cha kumpendekezea mtu. Kwa hiyo mapendekezo yangu nimeyapanga kihistoria, aina kwa aina, na ndani yake nitadai jambo moja: mpaka kati ya kitabu cha kijana na cha mkubwa, na ule mwingine kati ya "riwaya dhati" na "riwaya pendwa", imewekwa na watu na imeshahamishwa zaidi ya mara moja. Usiiachie ikuchagulie cha kusoma.

Safari na ndoto

Kabla hatujaandika riwaya zetu, tulisomeshwa za wenzetu. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa tafsiri ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard. Wasomaji wa shule za kikoloni wakaonja kisa cha safari na hazina, ila mashujaa walikuwa wazungu. Mwaka 1934 James Mbotela akatoa Uhuru wa Watumwa, ambacho wengi hukihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Kinawasifu Waingereza mpaka msomaji wa leo anakunja uso. Hata hivyo kisome, kwani ni mjukuu wa zama zile akisimulia habari za waliokamatwa, wakauzwa, wakakombolewa.

Baadaye akaja Shaaban Robert. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea hewani. Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mawazo mazuri, wakaishia kuadhibiwa. Chini ya serikali ya kikoloni, hiyo ilikuwa njia ya kusema bila kutaja jina la mtu. Kijana wa miaka 14 ataifurahia kama kisa cha ajabu. Mzazi wake ataisoma usiku na kuwaza mambo mengine kabisa.

Upelelezi na ujasusi

Ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, ilianzishwa mwaka 1948 na ikawa inaendesha mashindano ya uandishi. Shindano la mwaka 1957/58 lilishindwa na Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Maiti imekutwa kwenye mzimu, na watu wanajua, au wanadhani wanajua, nani kaua: mizimu. Bwana Msa na kiko chake anasema hapana, tuulize maswali. Najum, sahibu yake, anamfuata nyuma kama sisi wasomaji. Ndiyo, Sherlock Holmes yumo kwenye damu ya kitabu hiki, lakini Kiswahili chake, mizaha yake na barza zake ni za Unguja tupu. Kwa anayeanza kabisa kusoma, awe kijana au mzee, mimi humpa hiki kwanza.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akauhamishia upelelezi jijini Dar es Salaam kwa Simu ya Kifo. Humu mna Inspekta Wingo, mna simu na mitaa ya mji unaokua, na mizimu imewekwa kando. Halafu, mwaka 1974, Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Hapa lazima ukumbuke mwaka. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru, zilipata mwaka uliofuata. Kwa hiyo msomaji wa basini aliyemshangilia Willy Gamba akifukuzia siri za wapigania uhuru alikuwa anasoma habari ya vita vinavyoendelea, vya jirani zake. Vitabu kama hivi ndivyo vilivyoitwa "pendwa", na mara nyingi neno hilo lilisemwa kwa dharau kidogo. Mimi naona vilifanya kazi moja kubwa: vilimpa mtu mzima aliyemaliza shule sababu ya kuendelea kusoma.

Mapenzi, na kilichokatazwa

Kwa mapenzi, anza na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972. Kuna Bahati, kuna Idi, na kuna tajiri Mwinyi, na kiu yenyewe ni mbili: ya kupendwa na ya pesa. Lugha yake imetulia kiasi kwamba hutambui unapoanza kuumia. Hiki ni cha wakubwa na vijana wanaokaribia utu uzima.

Halafu kuna Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971 akiwa bado kijana. Rosa, binti wa Ukerewe, anachapwa na baba yake mlevi kwa sababu ya barua tu kutoka kwa mvulana. Analelewa kwa fimbo na kufuli, na siku anapotoka nje ya macho ya baba hana chochote cha kumwongoza. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni, eti kitaharibu vijana. Miaka ikapita, marufuku ikaondoka, na kitabu kilekile kikawa cha kufundishia sekondari. Kwenye maandishi hakuna kilichobadilika. Waliobadilika ni watu wazima waliokuwa wanaogopa.

Hebu tuliangalie jambo hili vizuri. Riwaya inayosema kwamba ukimya wa wazazi unawaangamiza mabinti ilijibiwa kwa ukimya. Waliohitaji kuisoma zaidi ndio waliozuiwa. Ndiyo maana nikiulizwa kama msichana wa kidato cha tatu anaweza kuisoma, jibu langu ni ndiyo, na mama yake aisome pia, kisha wakae waongee.

Historia iliyosimuliwa na wa chini

Shafi Adam Shafi ndiye wa kumtafuta hapa. Kuli, ya mwaka 1979, inatupeleka bandarini Unguja, kwa Rashidi na wachukuzi wenzake, hadi mgomo wa mwaka 1948. Ni kitabu chepesi kusomeka na kizito kubeba, kinamfaa kijana anayedhani historia ni orodha ya magavana na marais. Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, ni ya mkubwa zaidi: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anakimbia, na njiani anakutana na Denge, mpinzani wa utawala wa kikoloni. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya kuwa filamu. Soma kwanza, filamu utaitazama baadaye.

Mwaka huohuo wa 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ikatoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto anayetolewa kwa tajiri kufidia deni la baba yake, amechukua karibu miaka 30 kufika nyumbani kwa lugha ya nyumbani.

Ya ajabu na ya kesho

Wanaosema Kiswahili hakina riwaya za kubuni dunia nyingine hawajasoma Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo ndani ya chombo cha angani, naye anafika kwenye nchi iliyopangwa kwa haki. Litamke jina la nchi hiyo polepole: wale ni sisi. Mkangi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986 nchini Kenya, kwa hiyo ndoto yake ya nchi nyingine haikuwa mchezo. Ukiipenda, endelea na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002.

Ya vijana, na swali la mtihani

Kwa kijana hasa, nampa Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua. Ni safari tena, kama zile za mwaka 1929, ila safari hii hazina ni mzazi na shujaa ni mtoto wetu. Ongeza Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, ya mwaka 2002, kuhusu Zita na Peter, watoto ambao umaskini unawatoa darasani na kuwatupa jalalani. Na kwa kijana mwenye moyo, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambayo haijifichi mbele ya damu iliyomwagika baada ya uchaguzi.

Zote tatu zimewahi kusomwa madarasani, na hilo ni jema na baya. Jema, kwa sababu bila shule zisingefikia wasomaji wengi hivyo. Baya, kwa sababu kitabu cha mtihani husomwa kwa dhamira, wahusika na maudhui, kisha hutupwa siku mtihani unapoisha. Kile kisichotahiniwa nacho hakichapwi upya, na ukitaka nakala ya Simu ya Kifo leo utahangaika sana kwa wauza vitabu vya mitumba. Ndivyo aina nzima ya fasihi inavyoweza kupotea bila mtu yeyote kuipiga marufuku.

Kwa hiyo usiishie kwenye kusoma peke yako. Ukikipata kitabu kizuri, kiazime kwa mtu, nawe umfuate akirudishe ili umwazime mwingine. Anza na Bwana Msa. Akikuuliza nini kinafuata, mpe Rosa.